Kabla ya kuchoma miwa, kaitazame barabara

Januari 2024, sukari ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, jamaa zangu wa mjini walinipigia simu kunipongeza. Mkulima wa miwa, wakasema, sasa umeukata! Miwa yangu wakati huo ilikuwa imesimama shambani, Bonde la Kilombero, imeshachomwa moto ili majani yaondoke kabla ya kukatwa, na hakuna tela lililoweza kuifikia.

Shamba langu halikuzama. Mvua za El Niño zilikata njia pale korongoni, trekta likakwama matope hadi ekseli, na hatukupata hata siku tatu za jua mfululizo njia ikauke. Muwa ukishachomwa hausubiri. Siku mbili tatu uwe umefika kiwandani, la sivyo utamu unashuka. Siku ya sita nilivunja mmoja nikaunusa: harufu ya togwa iliyolala. Kiwanda nacho kilikosa cha kusaga, wakata miwa wakarudi kwao mikono mitupu, na nchi ikaagiza sukari nje.

Ndugu yangu unayelima bondeni, nakusihi usikubali shamba lichomwe kwa sababu tu zamu yako imefika kwenye ratiba ya ushirika. Asubuhi ileile nenda hadi korongoni, ukanyage njia kwa miguu yako. Mimi nilikubali kwa simu, nikiwa nyumbani, na bado inaniuma.

Omba zamu ya mapema, Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa ngumu. Najua wengi huvizia muwa uongeze uzito, lakini uzito usiofika kwenye mizani haulipwi. Shamba la ndani livunwe kwanza, la kando ya barabara kuu lingoje. Na kwenye mkutano wa chama, paza sauti kuhusu kalavati la kupitisha maji chini ya njia. Sisi tuliahirisha mchango wake misimu miwili tukiona ni mkubwa.

Mkopo wa pembejeo usiuegemeze kwenye miwa peke yake. Magunia manane ya mpunga aliyoyatunza mke wangu ndiyo yaliyotulisha, na mengine yakalipa ada ya watoto.

Yakishakukuta, miwa iliyoungua usiiache imesimama kwa kinyongo. Ikate, itoe nje, machipukizi mapya ya visikini yapate jua. Mimi niliingia na panga mwezi Machi, nimechelewa, nikakuta machipukizi membamba kama mabua ya mtama yamejikunja chini ya miwa iliyooza.