Majani ya kimia yameoza: mmea umekufa au umelala?

Swali: Shikamoo Mzee. Nilinunua Aponogeton madagascariensis, ule mmea wa Madagaska wenye majani kama kimia, nikaupanda karibu na hita kwenye tangi la samaki. Miezi ya mwanzo ulipendeza sana. Baadaye majani yaligeuka kahawia na kukatikakatika, sasa kimebaki kiazi kitupu. Rafiki yangu anasema matundu yale yalikuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza. Nikitupe?

Jibu: Marahaba. Usikitupe kabla hujakibonyeza. Kikiwa kigumu, kingali hai. Kikibonyea na kunuka, basi, kimekwenda.

Rafiki yako mwambie matundu si ugonjwa. Jani la mmea huu huchomoza likiwa limejisokota, lina wekundu wa waridi na halina tundu hata moja. Likianza kukunjuka, seli zilizo katikati ya kila kijisehemu kilichozungukwa na mishipa hupoteza ule wekundu, kisha hufa kwa mpango wa mmea wenyewe. Kifo hicho husambaa kuelekea kwenye mishipa, lakini hakiifikii: husimama safu chache tu za seli kabla yake. Arunika Gunawardena na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, maana jani ni jembamba na linapitisha mwanga, kwa hiyo seli huonekana zikifa chini ya darubini. Kiazi chako kikichipua tena, majani machache ya kwanza yatatoka mazima. Usiniandikie kulalamika kwamba umeuziwa mmea mwingine, yatakayofuata yatatoboka.

Ninayemshuku mimi ni hita. Kwao, mmea huu huishi kwenye vijito na mito ya Madagaska, umejishikiza katikati ya mawe, maji yakipita juu yake bila kukoma, mara nyingi penye kivuli. Ukiuweka kwenye maji ya moto yaliyotulia, hukua mbiombio na kumaliza akiba ya kiazi. (Akiba yenyewe si haba: Wamalagasi wamekuwa wakikila kiazi hicho.)

Basi kitoe, osha uozo wote, kiweke kwenye chombo chenye mchanga safi na maji ya baridi, nyuzi 15 hadi 18, mahali pasipo na mwanga mkali. Kiache kipumzike kama miezi miwili, maji ukiyabadilisha mara kwa mara. Kisha kirudishe tangini, maji yawe nyuzi 20 hadi 22, mahali ambapo mkondo wa chujio unapita. Usikizike chote, kichwa kinachochipua kibaki juu ya mchanga. Taa nayo ipunguze, kwa sababu utando wa kijani ukishaingia kwenye matundu, hakuna kidole kitakachoufuta bila kulichana jani.

Muuzaji akikuambia huu ni mmea wa kuanzia, anataka kuuza. Na kama samaki uliowafuga wanahitaji joto, usiwapoozee maji kwa ajili ya majani. Tafutia kiazi tangi lake.