Kabla hujaziba matundu ya vitasa vya gari

Hilux yangu ya milango miwili haina kitasa hata kimoja nje. Nikiegesha Kirumba karibu na Mwaloni, hapa Mwanza, hakosi kijana wa kuupapasa mlango akiuliza unaingilia wapi. Ni swali la maana. Wengi wanaoniomba ushauri huanza na puti na rangi, kazi ambazo fundi bodi mzuri wa Nyakato anazimaliza bila shida, halafu suala la loki wanaliweka kiporo.

Fungua kava ya ndani ya mlango uitazame loki yenyewe. Ina ulimi wa chuma unaozunguka na kung'ata kipini kilichofungwa kwenye nguzo ya bodi. Hung'ata kwa hatua mbili: ya kwanza mlango umeshika ila unacheza, ya pili umebana. Nyuma yake kuna vikono, kimoja cha kitasa cha nje, kingine cha ndani. Ukitoa kitasa cha nje kikono chake kinabaki, na hicho ndicho kitavutwa na solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayovuta ukibonyeza rimoti. Ila sentaloki (mfumo unaofunga milango yote kwa pamoja) ikiwa imefunga, kwenye gari nyingi kikono hicho huenda na kurudi bure, mlango haufunguki. Watu wengi hukwama hapo wakidhani solenoidi ni mbovu.

Mimi kwenye mlango wa dereva nimeondoa kabisa kufuli, yaani kile kinachokifanya kikono kiende bure. Mwizi atavuta nini, wakati kitasa hakipo?

Usidanganyike kutumia mota ya sentaloki kuvutia kikono. Ile imetengenezwa kusogeza kifimbo chepesi tu. Tafuta solenoidi inayovuta walau kilo 15, na ikae mstari mmoja na kikono, kwa sababu ikivuta kwa pembe nguvu nyingi inapotea. Inakula umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo ipitishe kwenye rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa: pini ya 30 kutoka betri kupitia fyuzi, 87 kwenda solenoidi, 85 na 86 ni za rimoti. Mpira wa mlango ukishachoka hauusukumi mlango tena, kwa hiyo weka na kisukumio cha springi pembeni ya loki. Na rimoti isifanye kazi swichi ya ufunguo wa gari ikiwa imewashwa. Rilei ya pili inatosha kuukata mkondo wa rimoti. Kwa barabara zetu za milimani, mlango ukifyatuka gari likiteremka kutoka Bugando, bodaboda aliye pembeni ndiye atakayeupokea.

Betri ikifa, je? Jibu langu ni waya wa breki wa baiskeli pamoja na ganda lake. Funga ncha moja kwenye kikono, teremsha waya ndani ya mlango, utokee kwenye tundu la kutolea maji pale chini, uishie na kitanzi kidogo kisichoonekana. Utie grisi, maana tundu hilo hupitisha maji na tope kila mvua ikinyesha. Kwa sababu kufuli halipo, waya huu unafungua wakati wowote.

Vitasa vya ndani viache vifungue kwa mkono kama kiwanda kilivyoviweka. Mwenye gari la milango minne na loki za watoto azizime: loki hiyo hukata kitasa cha ndani, na cha nje hakipo, basi umeme ukikatika aliyekaa nyuma hana pa kutokea. Kwa kweli gari linalobeba watoto mimi nisingeling'oa vitasa vya nyuma, hata kama linapendeza. Ikitokea ajali, wapita njia hukimbilia kitasa cha nje.

Ukimaliza kufunga kila kitu, usifunge mlango kwanza. Ukiwa wazi, sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ung'ate hatua ya pili, kisha bonyeza rimoti. Ukiachia vizuri, chomoa terminali ya betri, funga milango, ufungue gari ukiwa nje. Fanya hivyo fundi bodi akiwa bado hajagusa kitu: ukishindwa, matundu ya vitasa yangali wazi na bisibisi inapita.