Kadi za maswali kwa meneja wa bidhaa: zinasaidia, ila si zote

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama zile kadi za maswali ya kujitafakari zinamkuza kweli meneja wa bidhaa, yaani yule anayeamua programu ijengwe vipi na iongezewe nini, au ni mapambo ya mezani. Mimi nazitumia. Nafanya kazi kwenye programu ya mawakala wa pesa za simu hapa Dar, na kwa uzoefu wangu zinasaidia, ila nusu ya pakiti unaweza kuitupa siku ileile unayoifungua.

Za kutupa ni zile kubwakubwa: "Maono yako ni yapi?" "Wewe ni kiongozi wa aina gani?" Ukiulizwa hivyo Jumatatu asubuhi utaandika yaleyale uliyoyasema kwenye usaili wa kazi. Kadi nzuri inakubana umtaje mtu, siku au uamuzi. Mfano: "Wiki hii umemwambia nani hapana, na ulimpa sababu gani?"

Ninayoipenda kuliko zote inauliza, "Watumiaji wako wanafanya nini nje ya programu ili mambo yao yaende?" Niliivuta wakati tunajiandaa kuongeza ripoti ya miamala ya siku, kwa hoja kwamba wakala hatahitaji tena daftari. Sikuwa na la kuandika, nikaenda Tandika kukaa kibandani kwa dada mmoja wakala. Daftari lake lilikuwa limechorwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, kiasi, na safu ya mwisho saini. Nikamuuliza mbona simu inaonyesha hayo yote. "Kaka, simu haina saini. Mteja akirudi kesho kusema hakupokea hela, namfungulia hapa." Ripoti tukaiahirisha, tukaanza kujadili mteja atathibitishaje kwamba amepokea.

Swali hilo lina historia kwenye fani yetu. M-Pesa, kabla haijazinduliwa Kenya mwaka 2007, ilifanyiwa majaribio kama njia ya wakopaji wadogo kupokea na kurejesha mikopo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana hela wao kwa wao, na huduma ilipoingia sokoni ikanadiwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Aliyekodolea macho marejesho ya mikopo peke yake asingeliona hilo.

Namna ya kutumia: kadi moja kwa wiki, Ijumaa kabla hujafunga kompyuta, mistari michache kwa mkono, na lazima uitaje kazi mahususi uliyoigusa wiki hiyo. Kisha msomee mwenzako mmoja anayeruhusiwa kukuuliza "kwa nini?" Bosi wako asiwe huyo mwenzako. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, majibu ya kadi yakaingizwa kwenye tathmini ya mwaka, na toka hapo kila mtu akawa bingwa wa insha.

Kabla ya kupanga kazi za robo mpya ya mwaka, rudia majibu ya zamani yote kwa mkupuo. Faida kubwa iko hapo, na wengi hawafiki. Ukikuta mtu wa huduma kwa wateja anajirudia kwenye zile "hapana" zako huku wa mauzo hayumo kabisa, basi umeshajua unakoegemea, na una jambo la kuzungumza na timu lenye ushahidi wa maandishi yako mwenyewe.

Kununua si lazima. Karatasi ya manila na mkasi vinatosha, na maswali yaokote vikaoni kwenu: lile lililonyamazisha chumba, au lililojibiwa "tutaliangalia", liandike. Pakiti za kuagiza nje nyingi zimeandikwa kwa watu wa mazingira mengine kabisa. Mimi bado sijakutana na yenye kadi inayouliza wakala anafanya nini floti, yaani salio lake la kuhudumia wateja, ikimwishia saa kumi na moja jioni na foleni imefika barabarani.