Programu zinazojiwasha zenyewe: zipi nizime, zipi niziache?

Safari hii nimekusanya maswali ya wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu jambo moja: programu zinazojifungua zenyewe kila Windows inapowaka. Orodha yake utaiona ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ukiingia sehemu iliyoandikwa Startup au Startup apps.

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Msimu wa korosho umeanza, asubuhi wakulima wameshapanga foleni na magunia yao, mimi bado nasubiri Excel ifunguke. Hiyo orodha nimeiona, ila majina mengi siyajui. Nizime yapi?

Marahaba. Anza na safu ya Startup impact, maana hapo Windows yenyewe imeshakupimia uzito. Programu yenye alama ya High inakula zaidi ya sekunde 1 ya prosesa, au inasoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski, wakati kompyuta inawaka. Yenye alama ya Low haifiki hata milisekunde 300. Ukizima tano za Low hutaona tofauti yoyote, kwa hiyo nguvu zako zielekeze kwenye High.

Kila jina la High lijaribu kwa swali hili: hii programu isipowaka mpaka niibofye mwenyewe, nitakosa nini? Spotify, Teams, Zoom, Steam, kivinjari kinachojifungua chenyewe: hukosi kitu, zima. Programu ya kampuni ya printa nayo mara nyingi ni ya kukuonya wino unaisha tu, na karatasi zitaendelea kutoka bila hiyo. Ya modemu ya USB unaweza kuizima kama modemu yenyewe huichomeki kila siku.

Za kuacha ni antivairasi, na zile zinazohudumia vifaa vya laptopu yenyewe, kama Synaptics au ELAN za padi ya kugusa na Realtek ya sauti. Na kama chama kimewekewa programu ya mizani au ya kutolea risiti, usiiguse kabla hujamuuliza aliyeiweka. Kukwama kwa mizani mbele ya foleni ni kubaya kuliko Excel kuchelewa.

Ukibofya Disable hujafuta kitu. Programu ipo palepale, na Enable inairudisha. Zima mbili au tatu, fanya kazi siku nzima, ndipo uendelee na nyingine. Kikiharibika kitu utajua mara moja kimetokana na nini. Jambo jingine: usishawishike kupakua programu za "kuongeza kasi ya kompyuta". Nyingi, zikishaingia tu, zinajiandika kwenye orodha hiyohiyo unayohangaika kuipunguza.

Nina steshenari Masasi. Kwenye orodha kuna "Microsoft ® Windows Based Script Host". Kwa kuwa imeandikwa Microsoft niliiacha. Lakini siku hizi kila flashi ya mteja nikiichomeka, mafaili yake yanageuka kuwa shotikati. Vina uhusiano?

Vina uhusiano mkubwa, na nakushukuru kwa kuuliza, maana hapa ndipo jina la Microsoft linapowapoteza wengi. Hiyo ni wscript.exe, na ni mali halali ya Windows, ila kazi yake ni ya kipagazi: inabeba na kuendesha skripti, yaani faili la maagizo, yoyote itakayopewa. Mpagazi hana kosa, kosa ni la mzigo. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya kichwa cha safu yoyote, weka alama kwenye Command line, utaona inaendesha faili gani. Ikiwa ni faili la .vbs au .js lenye jina la ajabu, limejificha ndani ya folda ya AppData au Temp, hicho ni kirusi.

Kukizima kwenye orodha hakutoshi, kwa sababu muda huu kinaendelea kukimbia na kinaweza kujiandika upya. Chomoa flashi zote. Ingia Windows Security, kwenye Virus & threat protection chagua Scan options, kisha Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itazima, itawaka, na itakaguliwa kabla Windows haijafunguka, yaani kabla kirusi hakijapata nafasi ya kuamka. Inachukua kama dakika 15. Ikiisha, rudi kwenye orodha, zima kilichobaki, na ulifute lile faili.

Mafaili ya wateja kwa kawaida hayajapotea, yamefichwa tu. Ikiwa flashi inasomeka kama E, fungua Command Prompt uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha ubonyeze Enter. Yatatokea. Zile shotikati zifute, na usizibofye hata kwa kujaribu, maana kubofya ndiko kunakoamsha kirusi upya. Kwa wewe unayechomeka flashi za watu kutwa nzima, antivairasi isizimwe hata dakika moja.

Mambo vipi kaka, nipo chuo hapa Mtwara mjini. Nilizima kila kitu kwenye Startup. Inawaka haraka kweli, ila vidole viwili havipandishi tena ukurasa.

Poa. Umezima ya padi ya kugusa. Irudishe, uzime na kuwasha upya, basi.

Mimi ni mwalimu, Nachingwea. Nikiunganisha laptopu na hotspoti ya simu, bando la wiki linaisha jioni ileile. Inaweza kuwa hizi programu?

Mwalimu, hilo linawezekana sana. OneDrive, Google Drive na Dropbox zikiwaka na kompyuta zinaanza kupandisha na kushusha mafaili bila kukuuliza. Ukizizima pale Startup zitatulia mpaka uzifungue, ila kumbuka kwamba kazi utakayoifanya kabla ya hapo haitakuwa na nakala mtandaoni. Kama mitihani ya wanafunzi wako inahifadhiwa huko, mimi ningeiacha OneDrive iwake, kisha kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo ya simu niwashe Metered connection, yaani kuiambia Windows kwamba mtandao huu ni wa bando. OneDrive itasimama yenyewe ukiwa kwenye bando, na masasisho mengi ya Windows yatangoja.

Fundi mmoja wa Lindi aliniambia niingie msconfig, sehemu ya Services, nitoe tiki zote. Nifanye?

Usifanye. Huko kuna huduma za mtandao, sauti, uchapishaji na nyingine ambazo Windows inazitegemea. Ukilazimika, weka kwanza tiki kwenye Hide all Microsoft services, ndipo uangalie zilizobaki. Kwa mtumiaji wa kawaida, orodha ya Startup inatosha.

Nipo Kilwa Masoko. Nimezima zote ulizowahi kuzitaja, lakini bado inachelewa vilevile. Kuna nini tena?

Pale Startup, juu upande wa kulia, tazama Last BIOS time. Huo ni muda unaotumika kabla Windows haijaanza, na hakuna programu utakayoizima ikaupunguza. Kama ni sekunde chache tu, nenda Processes uangalie safu ya Disk. Ikikaa kwenye asilimia 100 kwa dakika kadhaa baada ya kuwaka, na laptopu bado ina diski ya kuzunguka, tatizo ni diski yenyewe. Fedha uliyotaka kumpa fundi "aisafishe" nunulia SSD, yaani diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi. Nakili kazi zako kwanza, na diski ya zamani uichukue, usiiache dukani, maana ina kila kitu chako.