Eathi mbili ziliniunguzia redio

Masika ya mwaka juzi radi ilipiga mgrivea kwenye kihamba cha jirani yetu, Kibosho, kama hatua hamsini kutoka kwenye mlingoti wangu wa intaneti. Gome lilichanika toka kileleni mpaka shinani. Kwangu, redio ya paani inayotuletea intaneti kutoka Moshi mjini iliungua, na ruta nayo. Iliniuma, maana mlingoti ulikuwa na eathi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Nondo ya shaba niliipigilia kwa mikono yangu.

Fundi umeme mmoja, mzee wa makamo, alikuja akazunguka nyumba mara moja tu. "Mwanangu, hii nondo na ile ya kwenye mita ya umeme zimeshikana wapi?" Hazikushikana popote. Radi ikiingia ardhini, udongo wa pale ilipopiga hupanda volti kuliko udongo wa mbali, hivyo nondo zangu mbili zilipishana kwa maelfu ya volti. Njia pekee kati yake ilikuwa kebo ya mtandao, na umeme ukapita humo, ndani ya redio na ruta.

Kwa hiyo kama una mlingoti, nakuomba leo hii kaangalie kama nondo zako zimeshikana, kabla ya kununua kitu chochote. Sisi tulizika waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka nondo hadi nondo. Kisha tukafunga kinga ya radi, kifaa cha kuelekeza umeme wa radi ardhini, pale kebo inapoingia nyumbani, nayo ikashikwa kwenye eathi ileile. Waya wa kushuka kwenda kwenye nondo uwe mfupi, unyooke, usiuzungushe kona kali: mkondo wa radi hupanda kwa kasi mno, na mita moja tu ya waya yaweza kubeba volti 10,000.

Nondo ikigonga jiwe, watu huikata kwa msumeno. Usikate. Hamia pembeni, au ongeza ya pili, umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe.

Hata hivyo radi ikipiga mlingoti wenyewe, kinga hizi zinaweza kushindwa. Wingu likianza kujaa upande wa mlimani, mimi nachomoa umeme wa ruta na kebo ya redio pia, maana wengi huisahau hiyo ya pili. Ukishasikia ngurumo, umechelewa: usiiguse kebo, acha vifaa viungue.