Kambare wako hawaibiwi, wanalana

Ndugu yangu wa Mambrui, umeuliza mbona vifaranga vya kambare uliowatia bwawani wanapungua kila uchao na mizoga huioni. Usimshuku mlinzi bure. Ndege nao hula, lakini kambare wadogo hulana wenyewe kwa wenyewe, hasa wakipishana ukubwa na wakikaa na njaa: aliyetangulia kukua humeza wenzake, mzoga utauona wapi? Watoe kwa wavu, uwatenge kwa ukubwa, kila kundi mahali pake, na chakula usikicheleweshe. Rudia kuwachambua kadiri wanavyokua. Kazi ya kuchosha, najua, lakini hapo ndipo faida ilipo.

Jingine ni ukingo. Samaki huyu ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, basi usiku wa mvua hutambaa kwenye nyasi mbichi akaenda zake. Zungushia bwawa wavu, na bomba la kutolea maji ulizibe kwa wavu pia, maana mto Sabaki uko karibu.

Kambare wa kuvuliwa mtoni usiwachanganye na hawa. Hujui wamebeba maradhi gani. Tilapia wanafaa, ila siku ya kuwatia wawe wakubwa kuwazidi kambare.