Siku moja Hay-on-Wye: jinsi ya kuvipata vitabu vya kwetu

Dada mmoja anayeishi Birmingham ameniandikia. Ana Jumamosi moja tu, anataka kwenda Hay-on-Wye kutafuta vitabu vya zamani vya Kiswahili na vya Afrika Mashariki. Aanzie wapi? Swali hili huulizwa sana, kwa hiyo nalijibia hapa kwa faida ya wote.

Hay ni mji mdogo wa Wales, mpakani kabisa na England. Treni haifiki huko tangu reli ifungwe miaka ya 1960. Unashuka Hereford, unapanda basi la T14, mwendo wa kama saa moja. Linalowaharibia wengi siku ni basi la kurudi, maana mabasi hayafuatani kama ya mjini. Piga picha ratiba kituoni kabla hujaingia duka la kwanza. Usiende wakati wa tamasha la vitabu, mwishoni mwa Mei: mji hufurika, na mwenye duka hana nafasi ya kukuhudumia.

Maduka yanazidi 20, na mengi hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Chagua manne. Anza na lile la Richard Booth, mtaa wa Lion, kisha duka la Cinema, ambalo kweli lilikuwa jumba la sinema. Booth ndiye aliyeugeuza mji huu kuwa wa vitabu tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kwa kununua maktaba nzima nzima. Hadi leo vitabu vya mitumba hutoka sana kwenye nyumba za marehemu, na miongoni mwa marehemu hao wapo waliokuwa maofisa, wamisionari na walimu Tanganyika, Kenya na Zanzibar. Vitabu vyetu vilisafiri kwenye masanduku yao.

Sasa sikiliza vizuri. Ukienda kwenye rafu ya Afrika peke yake, utarudi na vichache. Vitabu vyetu vimetawanyika. Sarufi na kamusi ziko kwenye lugha. Kumbukumbu za wamisionari ziko kwenye dini, na huko huko ndiko unakoweza kukutana na kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Steere, aliyekuwa askofu wa Zanzibar, kilichotoka mara ya kwanza 1870. Vita vya 1914 hadi 1918 vya Tanganyika viko kwenye mambo ya kijeshi, na safari za Serengeti ziko kwenye wanyama au uwindaji. Riwaya za waandishi wa Afrika zilizochapwa na Heinemann, zenye migongo ya rangi ya chungwa, huchanganywa na riwaya nyingine. Ngũgĩ mtafute kwenye N na kwenye T. Ukiona jalada limeandikwa James Ngugi, jina lake la zamani, hiyo ni chapa ya zamani, ichukue mkononi upesi.

Vijitabu vya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa miaka ya 1940, ni vyembamba mno. Mgongo wake hauna nafasi ya jina, kwa hiyo humezwa katikati ya vitabu vinene. Macho hayatakusaidia, pitisha kidole juu ya rafu na uvute kila kilicho chembamba.

Kabla ya kulipa, geuza ukurasa wa jina usome nyuma yake. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson ilitoka 1939 lakini imerudiwa kuchapwa mara nyingi, na orodha ya miaka iko hapo. Usilipe bei ya 1939 kwa nakala ya miaka ya 1970. Kwenye vitabu vya safari, fungua orodha ya ramani na picha, uzihesabu moja moja. Ramani kubwa za kukunjua hukatwa zikauzwa peke yake. Ukiona ukanda mwembamba wa karatasi umebaki karibu na mshono, umenyooka kama uliopitiwa na wembe, ramani imeondoka. Madoa ya kahawia hayana neno. Unga wa kijivu wenye harufu ya chumba chenye maji ni ukungu, nao huambukiza vitabu vya nyumbani. Kitabu cha namna hiyo kiache. Mihuri ya maktaba hushusha bei, jambo zuri kwa anayenunua ili asome.

Bei huandikwa kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza. Ukiwa na vitabu vitano au zaidi, uliza kwa upole kama atakupunguzia, usivutane naye.

Ndugu zangu, tuvinunue vitabu hivi. Nakala nyingine haitachapwa tena, na asiyejua Kiswahili hana sababu ya kuitunza.

Beba sarafu kwa ajili ya rafu za nje pale kwenye kasri la mji, ambako unalipa mwenyewe kwa kutumbukiza pesa kwenye kisanduku. Vitabu vya huko hupigwa na unyevu, vinuse kwanza. Kitabu cha jalada gumu huwa nusu kilo hadi kilo moja, hivyo 12 vinatosha begi la mgongoni. Vikizidi, muulize mwenye duka kama atakutumia kwa posta.